Jani la Mkoko Mpaka Kwenye Sufuria

Sisi wa Chaani tu jirani na mikoko ya Port Reitz. Wengi tunaiona kuni na boriti tu. Tuangalie kazi yake nyingine.

1. NGUVU. Mkoko hupokea nguvu ya jua na kuiweka kwenye majani. Jani likianguka, kaa hulivuta shimoni akalila. Mabaki huozeshwa na bakteria. Hapo kamba na samaki wadogo hupata chakula. Hao huliwa na samaki wakubwa, halafu sisi. Kila hatua nguvu nyingi hupotea kama joto, hubaki karibu sehemu 1 kwa 10. Yaani kwa kukadiria, samaki mkubwa wa kilo 1 ametokana na kilo 10 za samaki wadogo, kilo 100 za kaa na kamba, kilo 1000 za majani.

2. RUTUBA. Hii huzunguka. Mavi na vilivyooza hurudi topeni, mizizi ikafyonza tena.

Basi mwanzo ukikatika, mwisho nao umekatika. Aprili 2005 meli ya mafuta ilipasuka Kipevu na mafuta yakaingia mikokoni Port Reitz. Mkoko ukikauka hauangushi jani, na mvuvi hurudi na wavu mtupu.

Zungumzeni kikundini:
- Nani kwetu hukata mikoko, na kwa shida gani?
- Akiacha, atapikia nini?
- Tukipanda miche, nani ataitunza?