Ubao wa Bao na Njia ya Misafara: Somo la Nuru kwa Wapiga Picha wa Nyumbani

Ubao wa bao la Kiswahili una mashimo 32, yaliyopangwa katika safu 4 zenye mashimo 8 kila moja, na mchezo mzima huhitaji kete 64. Mwanafunzi wa Tabora aupigaye picha ubao huo uani kwao, jua likiwa kileleni, atashangaa kuona kwamba mashimo yamegeuka madoa bapa yasiyokuwa na kina. Kosa si la kamera. Jicho hukijua kina cha shimo kwa kulinganisha upande wenye nuru na upande wenye kivuli, na miale inayoshuka wima huangaza pande zote sawasawa.

Tabora ipo yapata nyuzi 5 kusini mwa Ikweta. Kwa sababu hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na mapema Oktoba. Tena, saa zetu hufuata longitudo ya nyuzi 45, hali Tabora iko karibu na nyuzi 33. Tofauti ni nyuzi 12. Kila nyuzi moja ni dakika 4, jumla dakika 48. Basi adhuhuri ya kweli ya Tabora, kwa wastani, si saa sita kamili bali ni saa saba kasoro dakika 12.

Je, tungoje jua la jioni? Hapa yapasa kupima kwanza. Chukua shimo lenye upana wa sentimeta 6 na kina cha sentimeta 3. Ili mwale upite ukingoni na kufika katikati ya sakafu ya shimo, lazima ushuke sentimeta 3 huku ukienda mbele sentimeta 3, yaani kwa pembe ya nyuzi 45. Jua likiwa chini zaidi ya hapo, kete zilizomo huanza kumezwa na giza. Katika miezi ile ya Machi na Oktoba jua hufikia pembe hiyo kiasi cha saa tatu baada ya kuchomoza, na tena saa tatu kabla ya kuzama. Ukichelewa, simamisha kitambaa cheupe au karatasi upande ulio mkabala na jua, irudishe nuru shimoni.

Baada ya nuru huja mahali pa kuiweka kamera. Ukiishika juu ya ubao, umbali wa meta 1, mashimo yote hutokea karibu sawa kwa ukubwa na kete huhesabika. Hiyo ni picha ya kumbukumbu. Ikiwa mchezo ndio unaanza, mtazamaji aone kwa kila mchezaji kete 6 katika nyumba na 2 katika kila moja ya mashimo mawili yaliyo kuume kwake. 22 zilizobaki zi mkononi. Lakini ishushe kamera hadi usawa wa meza, kete ya kwanza iwe sentimeta 20 mbele ya lenzi na ya mwisho sentimeta 60. Kwa kanuni ya pembetatu zinazofanana, ya mwisho itaonekana theluthi tu ya ile ya kwanza. Ubao mfupi umekuwa njia ndefu.

Mwalimu wa Historia na mwalimu wa Fizikia waweza kukutana hapa, kwani njia hiyo wanafunzi wa Tabora wanaijua. Ilitoka Bagamoyo, ikapita Kazeh, walikofika Burton na Speke mwaka 1857, hata Ujiji. Kwihara, jirani na mji, walikaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Mwaka uliotangulia Mtemi Mirambo aliifunga njia ya kwenda Ujiji, na Stanley akalazimika kuzunguka kusini. Tuta la udongo mwekundu mbele ya safu ya kete latosha kulisimulia tukio hilo.

Nimeona wengi wakipenda kupamba mandhari ya namna hii kwa shanga na sanamu za tembo. Mapambo hayo hupendeza, ila humsahau mpagazi Mnyamwezi aliyechukua mzigo wa kilo 30 hivi begani. Kila kete na iwe na kifurushi chake cha kaniki. Wala wasisahauliwe watu waliopitishwa njia hiyo hiyo wakiwa watumwa: kete chache zilizozungushiwa uzi mmoja, zisizo na kifurushi, zitamfanya mtazamaji aulize.

Kambi ya usiku hupigwa kwa koroboi, mbali na mapazia na watoto wadogo. Nuru hupungua kwa mraba wa umbali. Taa ikiwa sentimeta 30 kutoka kichwa kimoja cha ubao wa sentimeta 60, kichwa cha pili kiko sentimeta 90, umbali mara 3, nacho hupata nuru sehemu 1 kwa 9. Msafara hutokomea gizani pasipo ufundi zaidi. Kamera za simu hujaribu kuiondoa rangi ya manjano ya mwali. Zuia marekebisho hayo ikiwezekana, na uiegemeze simu juu ya tofali, maana katika nuru hafifu lenzi hukaa wazi kwa muda mrefu na mkono hutikisika.

Jaribio: piga ubao uleule mara tatu, saa tatu, saa saba na saa kumi na moja. Mpe mwenzako picha hizo azihesabu kete bila kuuona ubao, kisha mwandike ni katika picha ipi amekosea, na kwa kete ngapi.