Swali na Jibu: Kazi Copenhagen, makazi Malmö?

Swali: Nimepata kazi Copenhagen. Wenzangu wananishauri nipange Malmö, upande wa Uswidi. Wapi kuna maisha mazuri zaidi kwa mtu mwenye watoto?

Jibu: Unasafiri kwa pasipoti gani? Kibali cha kazi cha Denmaki hakimpi raia wa Kenya au Tanzania haki ya kuishi Uswidi, na wengi hawaambiwi hilo mapema.

Kama una uraia wa nchi ya Umoja wa Ulaya, basi tuzungumze. Shule ni za bure pande zote mbili, na kiwango cha kawaida cha VAT ni asilimia 25 kotekote. Tofauti kubwa ni kodi ya nyumba: Copenhagen inakamua mfuko. Daraja la Öresund limeunganisha miji hii tangu mwaka 2000, na treni haimalizi saa moja, ila nauli ya kila siku nayo ipigie hesabu.

Watu husifu siku 480 za likizo ya wazazi za Uswidi. Taratibu: anayefanya kazi Denmaki pekee huwa chini ya hifadhi ya jamii ya Denmaki, hata akilala Malmö. Mwenzi wako akiajiriwa Uswidi, hesabu hubadilika.

Mimi, kwa watoto wadogo, ningechagua Malmö. Giza la Desemba halitofautiani.