Wifi Ananiita Muuaji

Bibi, nakaanga samaki hapa Bagamoyo. Mume wangu, aliyekuwa akipeleka samaki soko la Feri, Dar es Salaam, alifariki Februari 2021. Tuliambiwa ni changamoto ya kupumua. Nilimuuguza mwenyewe, nikimfukiza nyungu asubuhi na jioni. Naishi na wanangu na wifi yangu katika nyumba ya marehemu. Tukikorofishana husema nilimletea kaka yake korona kutoka sokoni. Sitaki ugomvi: sahani na kikombe changu nimevitenga tangu wakati ule, nakula jikoni, wao sebuleni. Nihame au nimjibu?
Mjane, Dunda

Mwanangu, hicho kikombe nani kakuamuru ukitenge? Eda ya miezi minne na siku kumi umekaa, imekwisha. Wanao wanakula sebuleni na shangazi yao, mama yao yuko jikoni kama mwenye ukoma. Wifi anasema siku za ugomvi tu. Wewe unajiadhibu kila mlo, maana moyoni umekwisha kumkubalia.

Umemkubalia kwa ushahidi gani? Takwimu zetu za korona zilikoma Mei 2020, wagonjwa 509 na vifo 21, kisha kimya cha zaidi ya mwaka. Masoko yalikuwa wazi, daladala zilijaa, misikitini na makanisani watu walisali. Chanjo ilizinduliwa tarehe 28 Julai 2021, mumeo akiwa tayari kaburini. Na yeye mwenyewe alikuwa mtu wa Feri, kwenye msongamano mkubwa kuliko wako. Nchi nzima haikujua nani kamwambukiza nani. Wifi yako alijulia wapi?

Na hili nalisema kwa uchungu. Huku kwetu pwani mgonjwa akishalala ndani, ni wa mwanamke. Ndiye anayechemsha majani, anayeingia naye chini ya blanketi, anayemfuta jasho na kufua shuka zake. Wengine walimjulia hali mlangoni. Wewe uliivuta pumzi ileile iliyokuwa ikimwua, bila barakoa ya maana, na alfajiri ukawasha jiko la samaki ili watoto wale. Mke aliyeuguza hivyo hadaiwi roho ya mtu! Wanawake wa namna yako wamejaa kutoka Kaole mpaka Saadani, na sijasikia mtu akiwaambia ahsante.

Wifi naye kafiwa. Maziko ya siku zile yalikuwa ya haraka, watu wakiogopana. Pengine hakupata kumlilia kaka yake akashiba. Mhurumie, ila usimbebee uchungu wake.

Leo usiku pakua sinia moja, mle wote. Akirudia neno lake, mjibu mbele ya wazee: “Wifi, kaka yako nilimuuguza mimi, na tumefiwa sote.” Ukishasema, nyamaza.

Kuhama, hapana. Kama mirathi haijafunguliwa, chukua cheti cha kifo, nenda Mahakama ya Mwanzo wiki hii. Una fungu lako humo, na wanao wana lao.