Panya, Sumukuvu na Protini: Jinsi ya Kusoma Majaribio ya Ini

Mgonjwa anapoambiwa kwamba ini lake lina makovu, swali linalofuata lile la dawa huwa ni la chakula: nile nini, niache nini? Majibu anayopewa na majirani ni mengi. Mojawapo ni kwamba aache nyama, maziwa, mayai na hata maharage, kwa kuwa imethibitishwa kwa panya kwamba protini huleta saratani ya ini. Jaribio hilo lipo kweli, na lilifanywa na wataalamu wa kuheshimika. Tatizo ni kwamba husimuliwa nusu, na nusu inayoachwa ndiyo inayomhusu zaidi mgonjwa huyu.

Kisa chenyewe kinaanza na ndege. Mwaka 1960, nchini Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa katika muda wa miezi michache. Wachunguzi walifuatilia chakula chao hadi kwenye mashudu ya karanga yaliyoagizwa kutoka Brazil, ambayo yalikuwa yameota kuvu aina ya Aspergillus flavus. Sumu ya kuvu hiyo ikaitwa aflatoksini, nayo ndiyo mashuhuri zaidi miongoni mwa zile tunazoziita sumukuvu. Mwaka uliofuata ikaripotiwa kwamba panya waliolishwa mashudu ya namna hiyo walipata saratani ya ini.

Hapa lazima nifafanue neno. Kiswahili kina jina moja, panya, kwa wanyama wawili ambao maabara huwatenganisha kabisa. Katika makala hii, panya ni yule mkubwa; kipanya ni yule mdogo ambaye hata akikomaa hana uzito unaozidi sana gramu 30. Tofauti yao haiishii kwenye ukubwa, kama tutakavyoona.

Mwaka 1968, huko Hyderabad, India, Madhavan na Gopalan waliwapa panya sumukuvu kila siku, wakawagawa katika makundi mawili. Kundi moja lilipata chakula chenye asilimia 20 ya kaseini, yaani protini ya maziwa. Kundi la pili asilimia 5 tu. Uvimbe wa ini ulijitokeza katika kundi la kwanza, na waliosalia wa kundi la pili hawakuwa nao. Watafiti wengine, hasa nchini Marekani, waliendelea na kazi hiyo na kueleza sababu. Sumukuvu inapoingia mwilini haijawa na makali yake yote. Ini lenyewe huyatia: vimeng'enya vyake, katika kuigeuza sumu ili itolewe nje, huifanya kemikali kali inayojibandika kwenye vinasaba vya seli. Panya aliyenyimwa protini huwa na vimeng'enya hivyo kwa uchache, kwa hiyo sumu kidogo zaidi ndiyo inayoamshwa.

Hayo ndiyo husimuliwa. Lisilosimuliwa ni kwamba wengi wa panya waliopewa asilimia 5 hawakufika mwisho wa jaribio. Watafiti haohao walikuwa wameshaonyesha kwamba panya mwenye upungufu wa protini hudhurika zaidi na sumukuvu kwa muda mfupi: ini huharibika, naye hufa mapema. Aliyekufa mapema hapati nafasi ya kuota saratani. Aidha, asilimia 5 kwa panya anayekua ni utapiamlo. Nikisoma jaribio hili naona somo kuhusu namna lishe inavyobadili njia ya sumu mwilini. Sioni humo cheti cha daktari kinachoagiza mtu aache maharage.

Sasa tumtazame kipanya. Kiasi cha sumukuvu kinachomletea panya saratani humwacha kipanya aliyekomaa bila dalili. Kinga hiyo inatokana na kimeng'enya kimoja katika ini lake, cha jamii ya glutathioni, ambacho huidaka ile kemikali kali kabla haijagusa vinasaba. Watafiti walipotengeneza vipanya wasio na kimeng'enya hicho, wanyama hao walidhurika kwa dozi ambayo wenzao waliistahimili. Tena vipanya wachanga, ambao kinga yao haijakomaa, hupata uvimbe wa ini wakipewa sumukuvu siku chache baada ya kuzaliwa. Ini la binadamu, kwa bahati mbaya, lina uwezo mdogo sana wa kuidaka kemikali hiyo kwa njia ya kipanya. Laiti bata mzinga wa mwaka 1960 wangepuuzwa na mashudu yale yakajaribiwa kwa vipanya wakubwa peke yao, huenda yangetangazwa kuwa salama.

Kipanya ana manufaa yake mahali pengine. Kwake tumejifunza kuhusu mafuta na unene. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2010 kutoka California, vipanya wenye umri wa wiki mbili walichomwa sindano moja ya dietilinitrosamini, kemikali inayoanzisha saratani ya ini, kisha baadhi yao wakalishwa chakula chenye mafuta mengi. Walionenepa walipata uvimbe mwingi na mkubwa kuliko wenzao waliokula chakula cha kawaida, ingawa sindano ilikuwa ileile. Mafuta yaliyojaa kwenye ini yalizua mwako wa kudumu, na mwako huo ukazikuza seli zilizokwisha kuharibiwa. Katika vipanya hao hao wa sindano, madume huathirika zaidi ya majike, na sehemu ya sababu ni kwamba homoni ya kike ya estrojeni hupunguza mwako huo. Kwa binadamu nako saratani ya ini huwapata wanaume zaidi, japo pombe na sigara nazo zina mchango katika hesabu hiyo.

Funzo kubwa zaidi la kipanya, kwa maoni yangu, linahusu homa ya ini aina ya B. Vipanya waliopandikizwa vinasaba vya virusi hivyo, kisha wakapewa sumukuvu, walipata uvimbe haraka kuliko waliokuwa na jambo moja tu kati ya hayo mawili. Uchunguzi wa wanaume wa Shanghai, China, ulionyesha jambo hilohilo kwa watu. Waliokuwa na dalili za sumukuvu kwenye mkojo pekee walikuwa katika hatari ya saratani ya ini takriban mara 3 ya wasio na chochote. Wenye virusi pekee, mara 7. Wenye vyote viwili, karibu mara 60. Hapo mtu hajumlishi 3 na 7. Kwa hiyo mtoto anayepata chanjo ya homa ya ini B anakingwa dhidi ya virusi, na papo hapo sumukuvu atakayoila inapunguziwa mwenzake wa kufanya naye uharibifu.

Turudi kwa mgonjwa wetu. Miongozo ya sasa ya lishe inashauri mtu mwenye makovu ya ini apate gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 60 anahitaji gramu 72 hadi 90. Yai moja lina gramu 6 hivi, kikombe cha maharage yaliyopikwa gramu 15. Utaona kwamba kazi ngumu ni kuifikia hesabu hiyo, wala si kuipunguza. Ini lenye makovu haliwezi kuhifadhi nguvu za kutosha usiku, hivyo mwili huanza kula misuli yake wenyewe. Ndiyo maana uji au maziwa kabla ya kulala yana maana. Zamani wagonjwa waliochanganyikiwa kwa sababu ya ini walinyimwa protini. Desturi hiyo imeachwa, ingawa bado naikuta imeandikwa kwenye makaratasi ya rufaa. Anayeshindwa kuvumilia nyama apewe zaidi za mimea na maziwa, lakini asiachwe bila.

Kinachostahili kuondolewa sahanini ni sumu yenyewe. Mwaka 2004, katika maeneo ya Makueni na Kitui nchini Kenya, mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu yaliwaua watu 125 kati ya 317 walioripotiwa kuugua. Kuchemsha hakuiondoi sumukuvu, wala kukaanga nyumbani si kinga ya kutegemea. Mahindi yaanikwe juu ya turubai au chanja, si juu ya udongo. Kama huna kipimo cha unyevu, weka punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, utikise, uache itulie: chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi hayajakauka vya kutosha. Punje zilizovunjika, zilizosinyaa au zenye ukungu zitolewe kwa mkono kabla ya kusaga. Dona lina virutubisho kuliko sembe, lakini sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye ganda na kiini, hivyo mahindi ya mashaka ni afadhali yakobolewe. Pumba zake nazo asipewe ng'ombe wa maziwa, kwa kuwa sumu hupita hadi kwenye maziwa.

Wahudumu wa kliniki za watoto nawaomba wauangalie unga wa lishe kwa jicho la pekee. Mchanganyiko wake wa kawaida ni mahindi na karanga, vyakula viwili vinavyoongoza kwa sumukuvu, naye anayeulishwa ni mtoto mwenye kilo 8 au 9, anayekula uji huo mara mbili au tatu kwa siku. Mama aulizwe karanga amenunua zikiwa nzima au zimekwisha kusagwa. Zikiwa nzima, achambue zilizokunjamana na zenye rangi ya kijivu au kijani, azitupe kabisa. Zilizokwisha kusagwa hazichambuliki.