Kurudia Tendo la Ndoa Baada ya Kutibiwa Kuvu



Mama ametoka zahanati na dawa ya kuingiza ukeni. Ameambiwa ana kuvu, yaani fangasi. Anaogopa kumwambia mumewe, naye baba akisikia anajiuliza moyoni: “Ugonjwa huu ameutoa wapi?” Hapo ndipo ugomvi huingia nyumbani bila sababu.

Jueni kwanza kwamba kuvu si ushahidi wa uzinzi. Huishi mwilini mwa wanawake wengi bila kuwadhuru. Huzidi mama akiwa mjamzito, akimeza antibiotiki, au akiwa na ugonjwa wa sukari usiodhibitiwa. Dalili zake ni muwasho, maumivu na uchafu mweupe mzito kama maziwa yaliyoganda.

Je, mlirudie tendo la ndoa lini? Mama amalize dawa yote, iwe ya siku 1, 3 au 7, hata akipata nafuu mapema. Kisha ngojeni hadi muwasho na maumivu viishe kabisa. Kwa wengi ni wiki 1 au 2. Baba asiye na dalili hahitaji dawa. Akiwashwa au akitokwa na upele, naye akapimwe.

Lakini si kila uchafu ni kuvu. Ukiwa wa kijani au wenye harufu mbaya, mama apimwe kabla ya kununua dawa. Trikomonasi, kwa mfano, huambukizwa kwa kujamiiana. Hapo hutibiwa wote wawili, nao hungoja siku 7 baada ya kumaliza dawa. Na kuvu ikirudi mara kwa mara, mama apimwe sukari.

Ninyi mnaofuata njia ya Billings, kumbukeni kwamba ugonjwa na dawa huficha ute wa uzazi. Msiutegemee kwa siku hizo. Muulizeni mwalimu wenu.

Mtakatifu Paulo (1 Wakorintho 7:5) anawaruhusu wanandoa kujizuia kwa muda, mradi wamepatana. Basi baba, kungoja siku chache si kunyimwa haki yako. Nawe mama, usivumilie maumivu kimyakimya ukidhani ndio utii. Siku ikifika, anzeni polepole. Likiuma, acheni, mrudi kwa daktari.

Ya kujadiliana nyumbani:
1. Je, mmoja wetu akiugua sehemu za siri, humwambia mwenzake bila hofu?
2. Tukiwa tunangoja, tunaonyeshanaje upendo?