Unyevu, Baridi Kali na Nyufa za Ndege

Mimi nasoma Taaluma za Kiislamu, si uhandisi, ila katika darasa letu la baada ya Alasiri hapa Kamembe liliulizwa swali lisiloniacha: ndege inayolala kwenye mvua na unyevu wa Ziwa Kivu, kisha ikapanda penye baridi ya kugandisha, mwili wake hauingii nyufa? Nikalifuatilia.

Ndege nyingi za leo si bati tupu. Boeing 787, ambayo Ethiopian Airlines ilianza kuirusha mwaka 2012, karibu nusu ya uzito wake ni kompositi: nyuzi za kaboni zilizoshikwa na gundi ya epoksi, tabaka juu ya tabaka, kila moja na mwelekeo wake, kama mikeka iliyorundikwa. Kwenye kimo cha kilomita 11 baridi hufika karibu digrii 56 chini ya sifuri. Hapo gundi hutaka kusinyaa, lakini kaboni haisinyai karibu kabisa, na tabaka la jirani linaizuia. Mvutano ukizidi, gundi hupasuka nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho.

Na unyevu je? Wengi tungejibu haraka kwamba maji huharibu tu. Epoksi hunywa maji polepole, kwa miezi, nayo huvimba. Uvimbe huo hupunguza ule mvutano, kwa hiyo tabaka lenye unyevu kidogo laweza kuchelewa kupasuka kwenye baridi kuliko lililokauka kabisa. Kwangu hii ndiyo sehemu tamu ya somo. Ila maji hayo hayo hulainisha gundi wakati wa joto na kulegeza mshiko wake na nyuzi.

Hatari kubwa ni maji yaliyotuama ndani ya ufa, au katika zile sehemu zenye vijumba kama sega la nyuki. Yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9 na kuusukuma ufa. Ndege ikitua yanayeyuka na kupenya zaidi, kisha safari ijayo yanaganda tena. Rangi ya nje inabaki inang'aa!

Fundi anayeziba hapo lazima akaushe kwanza, la sivyo joto la kukomazia gundi mpya hugeuza maji kuwa mvuke na kiraka hubanduka. Abiria hawezi kulijua hilo. Ni amana ya fundi. Maji yaliyofichika hutafutwa kwa kamera ya joto mara tu ndege inapotua, kwa sababu penye barafu bado ni baridi kuliko pembeni yake.