Dondoo muhimu: Kutoka Tanga kwenda kuwinda kwa upinde

Anza na ramani. Saadani na Mkomazi ni hifadhi za taifa, na humo hakuna uwindaji. Mkomazi ilikuwa pori la akiba hadi 2008, kwa hiyo simulizi za wazee za kuwinda humo zisikupoteze. Huenda ukalazimika kupita njia panda ya Segera kwenda mkoa mwingine.

Kabla ya kukata tiketi, uliza ofisi ya wanyamapori ya wilaya unayokwenda, au Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA), yenye makao makuu Morogoro: mnyama gani anaruhusiwa, je, mgawo wake umebaki, na je, upinde unakubaliwa? Jibu la mdomo halitoshi. Subiri hadi leseni iwe mkononi.

Mshale wenye sumu ni marufuku kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, hata kama babu yako aliusifia. Usiku hakuwindwi. Twiga haguswi.

Bila sumu, mshale huua kwa kumwaga damu, basi msogelee mnyama hadi hatua ishirini au thelathini, upepo ukikupiga usoni. Ukiona ni mbali, acha. Baada ya kumchoma subiri kidogo ndipo ufuate damu. Ukimkimbiza atakwenda mbali.

Kwa Waislamu, taja jina la Mwenyezi Mungu unapoachia mshale. Ukimkuta mnyama angali hai, mchinje. Aliyeuawa kwa ubavu wa mshale, bila ncha kumchoma, haliwi.

Mpasue mnyama na umchune papo hapo, utundike nyama kivulini penye upepo. Leseni isafiri pamoja na nyama. Kwenye vizuizi vya barabarani utaulizwa.